Bima ya Babu Ilivyotugombanisha Mimi na Mume Wangu

Kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu. Wengine mawifi, wengine hela ya matumizi, wengine mpira wa Jumamosi. Mimi na mume wangu ugomvi wetu mkubwa tangu tuoane ulitokana na mlinzi wetu, mzee wa miaka 63, na karatasi moja yenye majina manane. Usicheke, msomaji wangu. Tulilala mzungu wa nne siku tatu nzima.

Ngoja nianze mwanzo, maana kisa hiki bila mwanzo wake utaona nimekosa kazi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu, kama mnavyonijua kwenye kurasa hizi, ni uhariri. Nilipoolewa na kijana wa Kichagga nilifungasha, nikahamia kwao Moshi, tukajenga Shirimatunda. Kurasa nahariri nikiwa nyumbani, natuma kwa intaneti, na mara moja kwa mwezi napanda basi kwenda Dar. Mume wangu yeye alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa, akafungua kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya nyumba. Nikisema kiwanda usifikirie makubwa. Ni tanuri moja, meza mbili za kukandia unga, na pikipiki ya kusambaza mikate na maandazi kwenye maduka ya Soweto, Majengo na Pasua. Wafanyakazi sita: mafundi wawili wa tanuri, dada wa kaunta, dada wa kufungasha, kijana wa pikipiki, na Babu, mlinzi wetu. Ukituongeza mimi na bwana, tunakuwa wanane.

Mwaka 2022, mwezi wa sita. Wanaoijua Moshi wanajua baridi ya Juni; mlima umejifunika wingu wiki nzima na hutamani kutoka kitandani. Saa tisa usiku simu ikaita. Mmoja wa mafundi wetu alikuwa anajikunja tumbo tangu jioni. Alikuwa amekwishakunywa dawa za minyoo, akanywa na maji ya tangawizi, na mama mwenye nyumba wake alishamkanda. Tulipomfikisha hospitali, daktari alimminya upande wa kulia mara moja tu, akasema kidole tumbo, anatakiwa kupasuliwa.

Hospitali ile ikataka kianzio. Nyumbani tulikuwa na hela ya ngano ya siku iliyofuata, basi. Tukafanya kile ambacho Mtanzania yeyote angefanya: tukafungua kundi la WhatsApp. "Ndugu na marafiki, tuna mgonjwa, tunaomba tushikane mikono."

Sasa sikiliza. Kundi hilohilo, watu walewale, Machi ya mwaka uleule walikuwa wamechanga milioni nane kwa ajili ya sendofu ya binti wa rafiki yetu. Wiki sita tu. Kulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, kamati ya chakula, kamati ya mapambo. Kwa fundi wetu, mpaka kunapambazuka ilikuwa imeingia elfu sitini na "pole sana" ishirini na tatu. Siwalaumu. Saa tisa usiku watu wamelala, na tarehe 20 ya mwezi nani ana hela? Mume wangu akaenda kugonga mlango wa jirani mwenye duka, akakopa, kianzio kikalipwa. Kijana akaingia chumba cha upasuaji asubuhi, kidole tumbo kimekwishapasuka.

Alipona, Mungu mkubwa. Ila alikaa wodini siku tisa na nyumbani karibu miezi miwili. Gharama zote zilifika laki tisa na themanini. Michango ya siku nne ilileta laki nne na kumi na tano. Zilizobaki zikawa deni letu, na fundi aliporudi kazini aliniambia jambo lililonitoboa moyo: "Dada, naomba mnikate kidogokidogo kwenye mshahara mpaka liishe." Mtu mwenye kovu bichi tumboni anaomba kukatwa mshahara wa laki mbili na nusu!

Usiku ule nikamwambia mume wangu, baba, hii haiwezi kujirudia. Hawa watu tuwakatie bima.

Kwanza ilibidi tutofautishe vitu viwili, maana hata mimi mwenye digrii yangu ya mawasiliano nilikuwa navichanganya. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Huo mwajiri anachangia kwa ajili ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Fundi akiungua kwenye tanuri, hapo ndipo pake. Lakini kidole tumbo hakisababishwi na kuoka mikate, wala malaria, wala uzazi. Hayo ni ya bima ya afya.

Na bima ya afya ya wafanyakazi nayo ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 ukiwa na watumishi wa serikali. Hesabu yake inafuata mshahara: asilimia 6, nusu anatoa mwajiri, nusu mfanyakazi. Kwa mshahara wa 300,000 hiyo ni 18,000 kwa mwezi, yaani 9,000 kila upande, na kadi inamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wengine wanne. Mwenye mshahara mkubwa anatoa zaidi, mwenye mdogo anatoa kidogo, matibabu yanatoka kwenye chungu kimoja. Njia ya pili ni kampuni binafsi. Hizi mara nyingi zinapanga bei kwa kichwa: watu wangapi, wana umri gani, wanataka kutibiwa hospitali zipi na mpaka kiasi gani.

Nikisema tulikaa tukapima kwa makini nitakuwa nawadanganya. Sisi tulikuwa tunalipa watu kwa bahasha kila Jumamosi. Mkataba hakuna, orodha ya mishahara hakuna. Asilimia 6 ya nini sasa? Tulichagua kampuni binafsi kwa sababu wakala wake ndiye aliyefika mpaka mlangoni, tena siku ambayo maandazi yalikuwa ya moto. Na yeye pia akatudai karatasi: leseni, namba ya mlipakodi, mikataba ya kazi, vitambulisho, tarehe za kuzaliwa. Ilituchukua wiki tatu kuzikamilisha. Hapo ndipo nilipogundua kuwa kwa miaka minne tulikuwa na watu wanaotufanyia kazi, lakini hatujawahi kuwa waajiri.

Agosti wakala akarudi na bei. Kifurushi cha chini, watu wanane, mwaka mzima: shilingi 3,400,000. Mume wangu akakohoa. Wakala, kijana mtanashati mwenye tai, akaivuta ile karatasi, akaweka ncha ya kalamu kwenye jina la nane, akashusha sauti kama anatuibia siri.

"Huyu mzee ndiye anayepandisha. Mkimtoa huyu, inashuka mpaka milioni mbili na laki tisa."

Jina la nane lilikuwa la Babu. Na Babu mwenyewe alikuwa pale nje getini, anatusubiria wakala aondoke afunge.

Mume wangu aliniangalia. Nikajua anachowaza, na yeye akajua nimejua. Wakala alipoondoka tukaanza.

"Mama, laki tano ni gunia ngapi za ngano?"

"Hapo hatuongelei ngano."

"Tunaongelea biashara. Babu ana watoto Dar, watamtibu. Hawa vijana ndio wanaoshika tanuri. Na akiumwa si tutamsaidia tu, kwani tumewahi kumtupa?"

"Tutamsaidia kwa kundi la WhatsApp?"

Hapo ndipo palipoharibika. Akasema mimi ni wepesi wa kutoa hela nisizozitafuta. Nikamjibu kwamba kumbe yale wanayosema watu kuhusu Wachagga na hela ni kweli. Nilikosea, najua. Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi, na mume wangu alikaa kimya namna ambayo heri angepiga kelele. Siku tatu, msomaji. Mto wangu ukiwa kaskazini, wake kusini.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Tukapanda Kibosho kwa baba mkwe, kila mtu kanuna upande wake. Wazee wana macho. Baba mkwe alisubiri tumalize chakula, akatuita kibarazani, tukamweleza. Yeye ni mkulima wa kahawa tangu ujana wake, na baba yake kabla yake. Hakutoa hotuba ya ndoa. Alituuliza swali la kahawa.

"Mnajua kwa nini babu zenu walianzisha chama?"

Mume wangu akajibu kama mwanafunzi: wakulima wa Kilimanjaro walianza umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika.

"Sijauliza tarehe. Nimeuliza kwa nini. Mtu mmoja mwenye debe mbili za kahawa, mnunuzi anampangia bei anavyotaka. Kijiji kizima kikiweka pamoja, mnunuzi anakuja na adabu. Sasa, chama kingesema wenye mashamba mabaya watoke ili wenye mazuri tupate bei, leo mwaka wa kwanza wangetoka hao, mwaka wa pili wangetoka wengine. Mwisho anabaki mmoja na debe zake mbili. Yuko pale pale alipoanzia."

Akatukumbusha na jambo ambalo mume wangu alilisahau na mimi sikulijua kabisa. Mwaka 2011, KNCU hiyohiyo ilianzisha mpango wa bima ya afya kwa wakulima wake. Watu waliokuwa wamejikusanya kwa ajili ya kahawa wakatumia mkusanyiko uleule kupata matibabu. Baadaye nilipoanza kusoma, nikakuta Dar es Salaam nako walitangulia: miaka ya 1990 vikundi vya mafundi na wafanyabiashara wadogo viliungana katika UMASIDA, wakachangia mfuko wa matibabu. Kumbe sisi wenye tanuri moja Shirimatunda hatukuwa tunabuni kitu chochote kipya.

Nikaelewa pia kwa nini kampuni inalipa kundi bei nafuu kuliko mtu mmojammoja. Mtu anayekwenda peke yake kukata bima, kampuni inamtilia shaka: huyu kaja kwa sababu anaumwa nini? Ndiyo maana wanamwekea kipindi cha kusubiri, masharti, na bei ya juu. Lakini wakija watu wote wa ofisi moja, waliokusanywa na kazi na si na ugonjwa, kampuni inajua wengi wao mwaka huo hawataumwa sana. Wazima wanambeba mgonjwa. Ukianza kuchagua nani aingie na nani atoke, umelivunja kundi lenyewe, na mwaka ujao fundi akipata kisukari kalamu itahamia kwenye jina lake. Dada wa kaunta akibeba mimba, itahamia kwake.

Njiani tunashuka hakuna aliyesema neno. Usiku nikachukua kikokotoo. Laki tano gawanya kwa siku 365 ni kama shilingi 1,370. Andazi letu mwaka ule lilikuwa shilingi 200. Nikamgusa mume wangu begani, ndiyo mara ya kwanza namgusa tangu Jumatano.

"Baba. Ni maandazi saba kwa siku."

"Nini?"

"Babu. Babu ni maandazi saba kwa siku."

Akakaa kimya kidogo, halafu akacheka. "Yale yanayoungua tu kila asubuhi yanazidi saba." Akageuza mto wake.

Kadi zilikuja Oktoba. Tuliwakusanya wote kwenye meza ya kukandia, nikawaeleza: biashara inamlipia kila mfanyakazi, anayetaka kuongeza mke au mtoto atachangia nyongeza kwa mafungu. Babu aliigeuza kadi yake mara mbili tatu, akauliza:

"Mwanangu, mwaka ukiisha sijaumwa, hela yangu narudishiwa?"

Nikamwambia hapana, Babu. Itakuwa imemtibu mwenzio.

Akatikisa kichwa taratibu. "Aah. Basi ni kama msiba. Unachanga wa mwenzako, ukijua na wako unakuja."

Nimesoma vipeperushi vingi vya bima tangu siku ile na sijaona maelezo yaliyonyooka hivyo. Sisi Watanzania tunajua kuchangiana, jamani. Tunachangia harusi, kicheni pati, ubarikio, msiba. Tofauti ya bima na mchango ni tarehe tu. Harusi inakupa wiki sita za vikao. Kidole tumbo hakikupi hata masaa sita. Kwa hiyo huo mchango inabidi uwe umekwishatolewa kabla ya tumbo kuanza kuuma.

Sasa utamu wa kisa uko hapa. Machi 2023 nikawaambia kila mwenye kadi akapimwe afya. Babu akagoma. Eti hospitali anakwenda mtu mgonjwa. Mume wangu akajitolea kumsindikiza, na ili Babu asiogope, akasema, "Nitapimwa mimi kwanza, wewe uangalie." Nesi akamfunga mume wangu mkono, akapima. Akapima tena. Akamwomba apumzike dakika kumi, akapima mara ya tatu. 172 kwa 110. Akahamia kwa Babu, ambaye tangu utoto anapanda na kushuka milima ya Kibosho kwa miguu: 128 kwa 80.

Mume wangu ana miaka 38 wakati ule. Alikuwa analalamika kichwa tangu mwaka mpya na sisi tunasema uchovu wa tanuri. Kumbe ni presha, ile inayoangusha mtu ghafla halafu watu wanasema karogwa. Alianza dawa wiki ileile, na mpaka leo anakunywa. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kofia ya kuokea mkononi, akaniambia:

"Mama, kumbe wa kutolewa kwenye orodha nilikuwa mimi."

Sikumjibu. Nilikaa pembeni yake, tukanywa chai.

Sitaki mfikiri kadi ni muujiza. Ya kwetu ina ukomo, na mwaka mmoja mtoto wa fundi alilazwa na nimonia, ukomo ukakaribia kuisha. Bei imepanda kila tunapohuisha, na gari la kusambazia mikate tuliloliota bado ni ndoto. Na kadi bila hospitali ya kuipokea ni plastiki tu. Machi 2024 sote tuliona mvutano wa bei kati ya NHIF na baadhi ya hospitali binafsi, mpaka nyingine zikasitisha kuwahudumia wanachama. Kwa hiyo kama wewe na mwenzi wako mna saluni, duka la dawa, ofisi ya uhasibu au karakana yenye watu watano, ulizeni kabla ya kusaini. Hospitali gani za karibu zinapokea kadi hii? Ukomo wa kulazwa ni kiasi gani, na wa kutibiwa bila kulazwa? Uzazi unaanza kulipiwa lini? Mwenye kisukari au presha tangu zamani anaingia? Mfanyakazi akiacha kazi katikati ya mwaka, nafasi yake anaipata nani?

Mjue pia kwamba jambo hili halitabaki hiari ya bosi mwenye huruma. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake kuna wajibu wa mwajiri wa sekta binafsi kumsajili mfanyakazi wake. Wengi wetu wenye biashara ndogo tunaisikia redioni kama habari ya makampuni makubwa. Siyo. Ukiwa na dada mmoja wa kaunta, inakuhusu. Anza na mkataba wake wa kazi, mengine yatafuata.

Kila Septemba sasa, mimi na mume wangu tunakaa kwenye meza ya kukandia na ile karatasi. Majina yameongezeka mpaka kumi na moja. Bado huwa tunabishana kuhusu kifurushi, kuhusu hospitali, kuhusu lini tulipe. Kuhusu nani awemo hatubishani tena.

Babu naye anajua Septemba ni mwezi wa karatasi. Anaacha geti, anakuja mpaka mlangoni na koti lake refu, kadi ameifunga kwenye nailoni mfuko wa ndani. Haingii. Anachungulia tu.

"Nimo?"

"Umo, Babu."

Anarudi getini kwake.